Mwamba ngoma huivuta kwake: Je, bendi yahitaji meneja?

Jumamosi moja hivi majuzi, vijana watano walinibishia hodi nyumbani kwangu Likoni. Wanne kati yao niliwafahamu tangu walipokuwa wakiimba katika kwaya ya shule, nami nikiwa miongoni mwa walimu waliowatayarisha kwa Tamasha la Muziki. Wa tano, mpiga kinanda, alikuwa mgeni kwangu. Baada ya kuniamkia na kunywa chai, msemaji wao alilitoa lililowaleta. Wameunda bendi. Hupiga katika harusi na, mara mojamoja, katika hoteli za ufuoni. Sasa ametokea bwana mmoja mwenye gari na simu mbili, amejitolea kuwa meneja wao, na amewaletea karatasi ya kutia sahihi.

"Mwalimu," akasema, "kweli twahitaji meneja? Na kama twamhitaji, kwa nini usiwe wewe?"

Swali la kwanza nililijibu papo hapo. La pili lilininyamazisha, nami nitaeleza sababu yake kabla sijaweka kalamu chini. Nayaandika haya kwa kuwa najua kwamba katika shule na vyuo vingi humu nchini wamo vijana wenye kuuliza maswali yayo hayo, na walimu wasiojua wawajibu nini.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno, kwani mengi yanayoharibika katika muziki wetu huharibika kwa sababu vyeo vinne tofauti huchanganywa kama uji. Kiongozi wa bendi ni yule asemaye wimbo upi utapigwa na nani ataimba sauti ya pili. Mmiliki ni yule ambaye ala ni zake. Promota ni yule anayeandaa onyesho, akakodi ukumbi na kuuza tiketi. Meneja si yeyote kati ya hao. Meneja ni mtu aliyepewa kazi na wanamuziki wenyewe ya kuwatafutia shughuli, kupatana bei, kusoma mikataba, kuweka hesabu na kuhakikisha kwamba saa mbili za usiku zikifika, watu sita na spika nne wako mahali walipoahidi kuwa. Yeye ndiye mwajiriwa, na wanamuziki ndio waajiri wake. Aliyelisahau hilo, awe meneja au mwanamuziki, amekwisha kupotea njia.

Wako wasemao kwamba bendi haihitaji mtu kama huyo. Hoja yao ina uzito, nami sitaidharau. Watasema kwamba wakongwe wetu walipiga muziki uliotikisa Afrika Mashariki nzima bila mameneja wa kuvaa tai. Franco Luambo Makiadi alikuwa mpiga gita, mtunzi, kiongozi na bwana mkubwa wa T.P. O.K. Jazz, bendi iliyoanza Kinshasa mwaka 1956, enzi mji huo ukiitwa Léopoldville. Watasema pia kwamba hapa kwetu Mombasa, ndugu wa ukoo wa Harrison waliunda Them Mushrooms mwaka 1972, wakatoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na udugu wao ndio uliokuwa nguzo yao. Wataongeza kwamba nchini Tanzania bendi kubwa zilimilikiwa na mashirika: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ikaja kuwa ya shirika la DDC. Wanamuziki walilipwa mshahara, na ala zilikuwa za mwajiri.

Yote hayo ni kweli. Lakini tazama vizuri, msomaji, utagundua kwamba katika kila mfano huo kazi ya meneja ilifanywa, ila ilifanywa na mtu mwenye jina jingine. Kule Tanzania ilifanywa na shirika, na gharama yake ni kwamba jina la bendi lilifuata lilikokwenda shirika: NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, kabla ya wanamuziki kujiita Msondo Ngoma. Katika Them Mushrooms kulikuwa na udugu wa damu, jambo ambalo haliwezi kununuliwa dukani. Na katika T.P. O.K. Jazz kazi ile ilifanywa na Franco mwenyewe. Alipofariki mnamo Oktoba 1989, Lutumba Simaro aliiongoza bendi kwa miaka michache. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 1993, yeye na wenzake walikuwa wameshindwa kuelewana na familia ya marehemu. Wakaondoka na kuunda Bana O.K. Jeshi zima la wanamuziki hodari lilijikuta halina jina, kwa kuwa mambo yote yalikuwa yamebebwa na bega moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana wale lilikuwa hili: bendi yahitaji kazi ya umeneja tangu siku ya kwanza inapolipwa hata shilingi mia tano. Mtu mwenyewe aitwaye meneja aweza kungoja. Bendi inayopiga mara moja kwa mwezi yatosheka na katibu wa kuandika tarehe na mweka hazina wa kuandika pesa, wote wawili wakiwa wanabendi. Siku ambayo mpiga gita anaacha mazoezi ili ajibu simu za wenye harusi, siku hiyo ndiyo ya kumtafuta meneja. Kabla ya hapo utakuwa unamlipa mtu asilimia ya kitu ambacho hakipo.

Hebu sasa tuangalie bendi iliyompata meneja, kisha ikampoteza. Mnamo Novemba 1961, kijana mmoja aliyekuwa akisimamia duka la santuri la familia yake mjini Liverpool, Uingereza, aliteremka ngazi za klabu ya chini ya ardhi kwenda kuwasikiliza vijana wanne waliovaa jaketi za ngozi. Jina lake lilikuwa Brian Epstein, na vijana hao ni The Beatles. Hakuwa mwanamuziki na hakuwa amewahi kuisimamia bendi yoyote. Mnamo Januari 1962 walitia sahihi mkataba naye. Aliwavisha suti, akawakataza kula na kuvuta sigara jukwaani, akabeba kanda zao kutoka kampuni moja ya London hadi nyingine. Decca iliwakataa. Hakukata tamaa, na mwaka huohuo EMI iliwachukua kupitia tawi lake la Parlophone, chini ya produsa George Martin. Yaliyofuata yanajulikana na ulimwengu mzima.

Epstein alikuwa na sifa mbili zisizofundishwa: aliupenda muziki wao kwa dhati, na hakuona haya kukataliwa kwa niaba yao. Hata hivyo, upendo haukuweza kufanya kazi ya maarifa. Watu walipoanza kuuza nywele za bandia, vikombe na wanasesere wenye sura za Beatles, Epstein alikubali mkataba uliowapa wauzaji hao asilimia 90 ya mapato ya leseni, na upande wa bendi asilimia 10. Hakuwa mwizi, hakujua tu thamani ya alichokuwa akikiuza, na hakumuuliza anayejua. Kabla makubaliano hayo hayajarekebishwa, pesa nyingi zilikuwa zimekwisha kwenda kwa wengine.

Mnamo Agosti 27, 1967, Epstein alifariki akiwa na umri wa miaka 32. Wanamuziki wale wanne wakaamua kujisimamia. Walianzisha kampuni yao, Apple, ambamo pesa ziliingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Mwaka 1969 watatu kati yao walimtaka Allen Klein awe meneja; Paul McCartney alikataa, akiwataka wakwe zake mawakili. Siku ya mwisho ya mwaka 1970 McCartney aliwashtaki wenzake katika mahakama ya London ili ushirika wao uvunjwe. Sisemi kwamba kukosa meneja peke yake ndiko kulikoivunja bendi ile. Wanaume wanne waliokua pamoja tangu ujana wana sababu nyingi za kuchokana. Lakini kumbuka kwamba walioimba pamoja kwa miaka mingi waliishia kuzungumza kupitia mawakili, na lililowafikisha huko ni swali dogo: nani atashika daftari letu?

Hapa sharti nikiri jambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwalimu kijana, nilikuwa meneja wa bendi ya vijana saba mtaani kwetu. Nilikuwa na kazi ya mshahara, nilijua Kiingereza cha kuzungumza na wenye hoteli, na vijana waliniamini. Msimu mmoja wa Krismasi tulipata kazi usiku tisa mfululizo katika hoteli moja ya pwani. Pesa zilipitia mikononi mwangu. Nililipa deni la spika, nikatengeneza gari tulilokodi lilipoharibika njiani, nikamlipa fundi wa gita, nikatoa chakula, nikatoa arubuni ya ukumbi wa mwaka mpya ambao haukupatikana. Kilichobaki niligawa sawa kwa sawa, na mimi mwenyewe sikuchukua hata senti.

Nilikuwa mwaminifu. Kosa langu ni kwamba sikuandika. Vijana walipoona kilichowafikia mkononi, walihesabu usiku tisa, wakahesabu watu saba, na hesabu haikukubali. Hakuna aliyenituhumu waziwazi. Nilikuwa mwalimu, na kwetu mwalimu hatukanwi. Walianza tu kukosa mazoezi, mmoja baada ya mwingine. Kufikia Pasaka bendi haikuwepo tena.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye nilikutana na mpiga ngoma wa bendi ile katika kivuko cha Likoni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na wajukuu. Alinisalimu kwa heshima zote, tukazungumza habari za nyumbani. Feri ilipokuwa yakaribia ng'ambo aliniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, zile pesa za Krismasi zilikwenda wapi hasa?" Nikamweleza: spika, gari, fundi, ukumbi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Lakini nilimtazama machoni, nikajua kwamba hakuniamini, na kwamba sikuwa na njia yoyote ya kumfanya aniamini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata jina jema hupotea vivyo hivyo.

Ndiyo maana nikiulizwa meneja mwema ni yupi, siendi moja kwa moja kwenye ujanja wala kujuana na watu, bali kwenye mambo manne ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuyapima.

La kwanza ni daftari lililo wazi. Kila pesa iingiayo na kila pesa itokayo iandikwe siku hiyohiyo, risiti zihifadhiwe, na kila mwanabendi awe na haki ya kulifungua daftari bila kuomba ruhusa. Meneja anayekasirika akiulizwa hesabu hana budi kuachwa, hata kama ni malaika. Uaminifu usioonekana haumsaidii mtu anayesubiri haki yake.

La pili ni ujira uliofafanuliwa. Mameneja wengi duniani hulipwa asilimia, kwa kawaida kati ya 15 na 20. Lakini asilimia ya nini? Hapa ndipo mwamba ngoma huivuta ngozi kwake. Tuchukue mfano ambao mwalimu wa hisabati aweza kuupeleka darasani. Bendi ya watu sita imelipwa shilingi 60,000. Usafiri na kukodi vyombo vimekula 27,000. Meneja akichukua asilimia 20 ya pesa zote kabla ya matumizi, atapata 12,000. Zitabaki 21,000, na kila mwanamuziki atapata 3,500. Akichukua asilimia 20 ileile baada ya matumizi, atapata 6,600. Zitabaki 26,400, na kila mwanamuziki atapata 4,400. Neno moja tu katika mkataba limempokonya kila mmoja shilingi 900 kwa usiku mmoja. Na mfano wa Elvis Presley wa Marekani watuonya kwamba asilimia hukua kama mtoto: meneja wake, Tom Parker, aliyeanza na robo, alifikia kuchukua nusu.

La tatu ni mipaka ya mamlaka na ya muda. Meneja asimamie kazi ya bendi, asimiliki jina lake wala nyimbo zake. Mkataba wa kwanza uwe wa mwaka mmoja, si mitano, ili pande zote mbili zijuane. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki za wimbo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na haziwezi kuhamishwa kwa mwingine ila kwa maandishi yenye sahihi. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 19 akitia sahihi karatasi asiyoisoma aweza kuwa amegawa urithi wa wajukuu zake. Na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto machoni pa sheria. Asitie sahihi chochote bila mzazi au mlezi kuketi kando yake. Wenye shaka wakumbuke "Malaika". Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka ulimwenguni, Boney M nao wakauimba. Na hadi leo mabishano kuhusu nani hasa aliutunga hayajakwisha. Wimbo husafiri haraka kuliko karatasi. Kwa hivyo meneja mwema ataona kwamba kila wimbo umeandikishwa kwa jina la mtunzi wake kabla haujapigwa redioni au kuwekwa kwenye mtandao.

La nne ni ujasiri wa kusema hapana. Kuna harusi ya tajiri ambaye atalipa "baadaye". Kuna mwanasiasa atakaye bendi imsindikize bure kwa ahadi. Kuna shughuli mbili usiku mmoja, moja Mtwapa na nyingine Diani, na katikati yazo kuna feri. Wanamuziki kwa tabia yao husema ndiyo, kwa kuwa wanapenda kupiga. Meneja ndiye wa kusema hapana kwa adabu, na kudai nusu ya malipo kabla ya siku ya kazi.

Sikutaja gari wala simu mbili. Vyombo hivyo ni vyema, lakini ni vyombo tu. Wala sikusema meneja lazima awe ndugu au rafiki. Ndugu aweza kuwa meneja bora, mradi akubali kuulizwa hesabu kama mgeni.

Mtu ataniuliza: je, bendi zenye mameneja wema hazivunjiki? Huvunjika. Wanamuziki huhitilafiana kwa mambo mengine pia, na si kila mtengano ni msiba. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki waliiacha Simba Wanyika na kuunda Les Wanyika, nasi tukapata "Sina Makosa" ambao bado wachezwa katika kila sherehe. Lakini kuna tofauti kati ya watu wanaoachana wakijua kila mmoja anadai nini, na watu wanaoachana wakishukiana hadi kaburini.

Nawarudia vijana wangu. Tuliisoma pamoja karatasi ya yule bwana, mstari kwa mstari. Ilimpa asilimia 30 kabla ya matumizi, kwa miaka mitano, na haikutaja popote kwamba angetoa hesabu. Nikawaambia wamrudishie wakiwa na maombi matatu: asilimia 20 baada ya matumizi, mwaka mmoja, na daftari la kukaguliwa na wote kila mwisho wa mwezi. Kuhusu ombi lao kwangu, nilikataa. Niliwaeleza habari za mpiga ngoma na kivuko, kama nilivyokueleza wewe. Badala yake niliwapa daftari jipya la kurasa 96, nikawaonyesha namna ya kuligawa: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nikaahidi kulipitia kila mwezi iwapo watalileta.

Wiki mbili baadaye msemaji wao alinipigia simu. Yule bwana alikubali kupunguza asilimia. Alikubali mwaka mmoja. Alilokataa ni la daftari; alisema kwamba hawezi kufanya kazi na watu wasiomwamini. Nao wakamshukuru na kumuaga. Kwa sasa dada wa mpiga gita la besi, aliyesomea uhasibu, ndiye anayewawekea hesabu, na tarehe za shughuli huandikwa na mpiga kinanda.

Kwenu walimu wenzangu ninaosimamia nanyi kwaya, bendi na vikundi vya ngoma shuleni: tunawafundisha watoto sauti nne, tunawafundisha kusoma noti, tunashangilia wanapotwaa kombe. Lakini fedha za kikundi hukaa mfukoni mwa mwalimu, na mwanafunzi hajui sare ziligharimu ngapi wala basi lilikodiwa kwa bei gani. Tuwape wanafunzi daftari hilo walishike wenyewe, tulikague mbele yao, na tukosolewe nao tunapokosea. Mwanafunzi aliyewahi kumuuliza mwalimu wake hesabu, akajibiwa bila hasira, hatatia sahihi karatasi ya mwenye simu mbili.

Mwisho wa mwezi uliopita vijana wale walilileta daftari. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa, na ukurasa wa pili ulikuwa na kosa la shilingi 150. Tulilitafuta kwa zaidi ya saa nzima, wote sita tukiinamia meza moja, hadi tukaliona: nauli ya feri ilikuwa imeandikwa mara mbili.